"Rangi Mpya, Injini Safi": Namna ya Kulikagua Gari la Spoti la Zamani Kabla Hujalilipia

Tangazo la gari la zamani huwa fupi. Picha tatu, bei, na maneno yaleyale: "Rangi mpya. Injini imefunguliwa, iko safi. Limekaa tu gereji. Ni kupanda na kwenda." Likishaingia kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari wa Kampala, mabishano huanza hapohapo. Mmoja anasema chuma cha zamani hakifi. Mwingine anasema gari la aina hiyo ni kununua ugonjwa. Wa tatu anauliza limetembea kilomita ngapi. Wote wanaizungumzia injini, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza hali ya sakafu.

Sisi tutaanzia sakafuni. Kwenye gari la spoti la zamani, bodi ndiyo gari. Injini inaweza kushushwa, ikafunguliwa, ikarudishwa ndani ya wiki chache, na ikishindikana kabisa ikatafutwa nyingine. Bodi iliyooza haina njia ya mkato, na anayeinunua kwa sababu injini inanguruma vizuri hulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, mara ya pili kwa mchomeleaji.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Gari la spoti ni gari jepesi, la chini, aghalabu la milango miwili, lililoundwa kwa ajili ya mwendo na kona kuliko mizigo na abiria. Gari kuukuu ni gari lolote lililozeeka. Klasiki ni kitu kingine tena: ni gari la zamani linalotunzwa kwa sababu ya thamani yake ya kihistoria. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, huanzia miaka 30 tangu kutengenezwa, na hutaka gari liwe limehifadhiwa katika hali yake halisi, si lile linalotumika kila siku kupeleka watoto shule. Kwa hiyo umri peke yake haufanyi gari kuwa klasiki. Mkweche wa miaka 35 uliobadilishwa injini, taa, viti na dashibodi ni mkweche tu, hata ukipakwa rangi nyekundu ya kung'aa.

Jambo la pili linalochanganya watu ni uagizaji. Wengi huona picha za magari ya Japani mtandaoni wakadhani wanaweza kuliagiza la mwaka 1985 kama wanavyoagiza Premio. Tangu marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 2018, Uganda imezuia kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Ndiyo maana karibu kila gari la spoti la zamani linalouzwa hapa ni lile lililokwisha kuwa nchini, limepita mikono mingi na gereji nyingi. Historia yake imeandikwa kwenye bati lake, na kukagua ni kuisoma.

Kwa mfano tutatumia Datsun 240Z, gari lililotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973. Hapa kwetu si gari la kuonekana kila kona, lakini lina mizizi katika eneo hili. Edgar Herrmann alishinda nalo mbio za Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye aliongeza ushindi mwingine wa mwaka 1979 hadi 1982. Tena kasoro zake zinafahamika vizuri, na nyingi utazikuta kwenye Toyota Celica na MR2, au Mazda RX-7 na MX-5 za zamani.

Kikapu, si kitanda

Land Cruiser ya zamani imejengwa kama kitanda: kuna fremu nzito ya chuma chini, na bodi imewekwa juu yake kama godoro. Bodi ikipata kutu, fremu bado inabeba. Magari mengi ya spoti yamejengwa kama kikapu. Hakuna fremu iliyotengana na bodi. Nguvu yote iko kwenye mabati yaliyokunjwa na kushonwa pamoja. Kata ukindu mmoja kwenye kikapu, bado kitabeba viazi. Kata kumi upande mmoja, kitapinda siku utakapokibeba kimejaa. Kutu kwenye vizingiti, yaani yale maboriti ya chini ya mlango unayoyavuka mguu ukiingia, hukata ukindu kwa namna hiyohiyo. Gari linaendelea kutembea, halafu siku moja linainuliwa kwa jeki na mlango unakataa kufunguka.

Hapo hapo pana kipimo cha kwanza, tena hakigharimu chochote. Fungua na ufunge mlango gari likiwa chini. Liinue kidogo kwa jeki mahali pake rasmi pa kuinulia, kisha fungua tena. Mlango ukianza kukwaruza au nafasi kati yake na bodi ikibadilika, kikapu kimelegea. Mahali pa jeki pakibonyea au pakitoa mlio wa kusagika, acha. Huna haja ya kufika kwenye injini.

Watu husema Uganda haina chumvi barabarani kama Ulaya, kwa hiyo magari yetu hayaozi. Ni kweli hatumwagi chumvi, lakini kutu haihitaji chumvi. Inahitaji maji na hewa, chumvi huiharakisha tu. Matope mekundu ya murram hujibana ndani ya matao ya tairi na kwenye kona za sakafu, yakakaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika. Ni sawa na kulifunga bati ndani ya kitambaa kibichi. Juu ya hayo, gari lililotoka Uingereza miaka ya 1980 lilikuja na kutu yake tayari, na hapa kutu hiyo imeendelea kulila.

Vifaa vya kukagulia bodi vinaenea kwenye mfuko mmoja: sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini isichubue rangi, tochi kali, kioo kidogo cha mkononi, bisibisi yenye mpini wa plastiki, na mkeka wa kulalia chini. Ukiweza kuazima kipima unene wa rangi, azima. Rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 150 hivi. Ukipata zaidi ya 300, eneo hilo limepakwa upya. Ikipita 1,000, chini ya rangi kuna pati, yaani ule udongo laini unaosawazishwa kwa msasa kuficha mbonyeo au tundu. Pati kidogo kwenye gari la miaka 50 si dhambi. Pati kwenye kizingiti au kwenye tao la tairi la nyuma ni habari mbaya, kwa sababu huko haiwekwi kusawazisha mbonyeo, huwekwa kuziba tundu.

Kama huna kipima, sumaku inatosha. Ipitishe polepole sehemu za chini za milango, madigadi na matao. Pale inapolegea mvuto ghafla, weka alama ya chaki. (Kumbuka kwamba kuna magari ya spoti yenye bodi ya faiba, na mengine yenye boneti ya aluminiamu, huko sumaku haishiki hata kama kila kitu ni kizima. Jua gari lako limeundwa kwa nini kabla hujamlaumu muuzaji.)

Chini ya gari tumia masikio. Gonga sakafu na maboriti kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kama anayechagua fenesi sokoni. Bati zima hutoa mlio mkavu, wa juu. Bati lililooza au lililojazwa pati hujibu kwa sauti butu, iliyofifia. Lami nyeusi mpya iliyopakwa chini kote, wakati sehemu nyingine za gari ni za zamani, ni sababu ya kugonga zaidi. Lami hiyo hulinda chuma kizima vizuri sana, na huficha chuma kibovu vizuri vilevile.

Kwenye 240Z kuna sehemu ambazo lazima uzione kwa macho yako. Ondoa betri, utazame kibati kilicho chini yake. Asidi huvuja miaka mingi, hula kibati, kisha hushuka na kula boriti lililo chini yake. Inua zulia miguuni pa dereva na pa abiria, ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Ng'oa gurudumu la akiba utazame shimo lake. Maji hutuama humo. Kagua ukingo wa chini wa mlango wa buti, na ile sehemu ya bodi iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, ambayo huoza mapema. Mwisho, chini ya waipa kuna mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Majani yakiuziba, maji hupita upande mwingine na kuingia miguuni. Mimina nusu lita ya maji pale, uangalie yanatokea wapi.

MX-5 ina ugonjwa unaofanana na huo: turubai la paa lina mirija ya kutolea maji, mirija ikiziba maji hujaa ndani ya vizingiti, na kutu hutokeza mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Jina la gari linabadilika lakini kanuni ni moja. Fuata maji. Yajue yanaingilia wapi na yanatokea wapi, ndipo utajua kutu iko wapi hata kabla hujaiona.

Kipele cha rangi kinachotoshana na sarafu ya shilingi 500 kina maana gani? Wengi hudhani ni kazi ya msasa na brashi. Kutu ya namna hiyo huanzia ndani na kutokea nje, kwa hiyo unachokiona nje ni ncha yake tu. Ni kama mchwa kwenye fremu ya mlango: ukiona tundu dogo kwenye rangi, wenyewe wameshamaliza kula.

Ajali pia huacha barua. Nafasi kati ya boneti na madigadi, na kati ya mlango na bodi, iwe na upana ule ule kutoka juu hadi chini na kwa pande zote mbili. Angalia mikunjo kwenye bati lililoshikilia radiata. Kiwanda hakikunji bati hovyohovyo. Tafuta vumbi la rangi kwenye mipira ya madirisha na kwenye waya. Ukiwa na futi ya utepe na msaidizi, pima mshazari chini ya gari, kutoka kifungio cha mguu wa mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, gari limepinda, na tairi zake zitaliwa upande mmoja milele.

Namba lazima ziseme jambo moja

Kwenye 240Z, namba ya chesisi imegongwa moja kwa moja kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria, na imerudiwa kwenye kibati kidogo ndani ya boneti. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, na kibati hicho huitaja pia. Gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30. La usukani wa kushoto huanza na HLS30. Ukikuta gari la usukani wa kulia lenye HLS30, ama usukani umehamishwa, ama namba imehamishwa. Yote mawili yanahitaji maelezo yenye karatasi.

Namba kamili zisizochezewa huongeza thamani ya klasiki, lakini umuhimu wake wa kwanza ni wa kisheria. Tazama kama herufi zimenyooka, kama kuna alama ya kuchomelea kuzunguka bati la namba, kama rangi ya hapo ni tofauti na ya jirani yake. Piga picha, kisha uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi.

Injini ikutwe baridi

Mpigie simu muuzaji mapema, umwombe kwa heshima: "Mzee, naomba nilikute gari baridi, nisikie linavyowaka." Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, omba urudi kesho asubuhi. Si jeuri. Injini iliyopashwa moto huficha mambo matatu: ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo, na milio ya vyuma vilivyolegea ambavyo joto huvitanua na kuviziba.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa radiata (ukiwa baridi tu, ukiwa wa moto utakuunguza uso) utazame maji. Oili inayoelea ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imepasuka au hedi yenyewe ina ufa. Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta ute wa rangi ya maziwa umeganda chini yake, huenda maji yanaingia kwenye oili, ingawa gari linalowashwa dakika mbili mbili bila kutembea nalo hufanya ute kidogo kwa unyevu wa kawaida. Kijiti cha kupimia oili kitakuambia lipi ni lipi: oili yenyewe ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, jibu unalo.

Liwashe, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ni kabureta tu. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ni mvuke, utaisha. Mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radiata yanayoungua. Wa bluu ni oili, na hapa wakati ndio unaosema: ukitoka baada ya kuliacha likinguruma dakika chache kisha ukakanyaga mafuta, shuku sili za valvu, kazi ya wastani; ukitoka kila unapopanda mlima kwa nguvu, shuku ringi za pistoni, kazi kubwa.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukisoma vibaya hapa kwetu: kompresheni. Kompresheni ni nguvu ambayo pistoni huminya hewa kabla ya moto. Fikiria pampu ya baiskeli: ziba tundu kwa kidole, sukuma, sikia kidole kinavyosukumwa. Pampu iliyochakaa hupumulia pembeni. Kupima, pasha injini joto, toa plagi zote sita, chomoa waya wa koili, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, kisha zungusha kwa stata mara tano au sita kwa kila silinda. Andika namba zote.

Kitabu cha gari la namna hii hutaja kiasi cha psi (kipimo cha shinikizo) 170 na kuendelea. Ukipima Kampala ukapata 150, fundi anaweza kukuambia injini imechoka. Hajakosea kusoma geji, amesahau mlima. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Mombasa. Pampu ikivuta hewa nyepesi, itaminya kidogo. Injini ileile yenye 170 pwani itasoma karibu 150 Kampala, na Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, itashuka hadi 130 na ushee, bila ringi hata moja kuharibika. Kwa hiyo usiikimbilie namba yenyewe, tazama tofauti. Silinda sita zenye 148, 150, 147, 150, 149 na 146 ni injini yenye afya. Zenye 160, 158, 155, 110, 112 na 157 zina tatizo, na kwa kuwa zile mbili dhaifu zinapakana, gasketi ya hedi kati yake ndiyo mshukiwa wa kwanza. Silinda moja ikiwa chini, itie kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi.

Urefu huohuo wa milima ndio unaofanya kabureta iliyosetiwa pwani itoe moshi mweusi Kampala, na ndio unaofanya magari ya zamani yachemshe upesi. Wanaopika maharage Kabale wanajua yanavyochelewa kuiva: maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 93 hivi badala ya 100, na Kampala 96. Radiata hupambana na hilo kwa mfuniko wenye springi unaobana shinikizo ndani, kama sufuria iliyofunikwa vizuri. Mpira wa mfuniko huo ukikauka, gari huchemsha kwenye mlima wa Mulago na watu wakaanza kuzungumzia hedi. Badilisha mfuniko kwanza.

RX-7 ina kanuni zake. Injini yake haina pistoni, ina rota zinazozunguka, na geji ya kawaida ya kompresheni haisomi vizuri. Inahitaji ya rota. Gari hilo likigoma kuwaka likiwa moto baada ya kuwaka vizuri likiwa baridi, sili za rota zimekwisha. Lenyewe hula oili kidogo kwa makusudi, kiwanda kilivyotaka, kwa hiyo usilihukumu kwa hilo. Porsche 944 huendeshwa kwa mkanda wa taiming wa mpira, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, na usiliendeshe hata kulileta nyumbani. 240Z hutumia cheni, haina hofu hiyo, ila cheni iliyolegea hukwaruza mbele ya injini, na mlio huo unausikia waziwazi ikiwa baridi.

Na lile neno, "injini imefunguliwa"? Uliza mambo matatu. Ilifunguliwa na nani, zilibadilishwa spea gani, na risiti ziko wapi? Kuosha hedi na kuweka gasketi mpya ni kufungua injini, na kuweka pistoni, beringi na kuchonga silinda pia ni kufungua injini. Neno moja, kazi mbili zisizokaribiana hata kwa bei.

"Limekaa tu"

Hili linasemwa kama sifa. Wanunuzi nao hufurahia mita inayosoma kilomita 42,000, bila kukumbuka kwamba mita nyingi za zamani zina tarakimu tano tu. Zikifika 99,999 hurudi sifuri. Gari linaloendeshwa kila wiki kwa miaka 30 mara nyingi ni zima kuliko lililofunikwa turubai miaka 12. Likikaa, petroli huganda kuwa gundi ndani ya kabureta, tangi huota kutu kwa ndani, sili za mpira hukauka, pistoni za breki hukwama, na panya hujenga kwenye waya. Breki zinaathirika zaidi, kwa sababu mafuta yake hunyonya unyevu wa hewa na kuozesha silinda zake kutokea ndani. Kwa gari lililokaa, panga kubadilisha mipira yote ya breki, ya maji na ya petroli kabla ya safari ya kwanza, hata ile inayoonekana mizima.

Tairi usizipime kwa kashata, yaani meno yake, pekee. Ubavuni kuna msimbo unaoishia kwa tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na gari lisitoke getini nayo. Tairi yoyote iliyopita miaka 10 itupwe.

Umeme upitie haraka: betri ikipumzika isome volti 12.6 hivi, injini ikiwaka ifike kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa zote kubwa dakika kumi kisha shika swichi yake. Kwenye 240Z moto wote wa taa hupita kwenye swichi bila relei, yaani kile kifaa kidogo kinachobeba moto badala ya swichi, na swichi huyeyuka. Relei mbili humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Safari ya majaribio

Dakika 40, si kuzunguka mtaa mara moja. Anza kwenye foleni, tuseme Wandegeya saa za jioni, ukitazama geji ya joto. Kisha panda Kololo au Mulago kwa gia ya pili. Kisha barabara iliyonyooka, Northern Bypass inafaa. Ukiwa gia ya juu kwenye kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini: mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Rudi kutoka gia ya tatu hadi ya pili bila haraka. Ikisaga meno, ndani ya giaboksi kuna kazi. Mahali salama, funga breki kwa nguvu ukiwa umelegeza usukani kidogo. Gari likivutwa upande, silinda moja imekwama. Mshindo mmoja "gup!" unapoondoka kwenye 240Z huwa ni mpira wa kushikilia difu, spea rahisi, usikutishe. Harufu ya eksozi ndani ya gari lilelile, madirisha yakiwa wazi, hutokana na mipira ya mlango wa buti na ya taa za nyuma kukauka. Hewa inayozunguka nyuma ya gari huuvuta moshi ndani. Hiyo itengenezwe mapema, kwa sababu moshi huo una kaboni monoksaidi.

Njoo na fundi wako, wala si wa muuzaji, na mlipe siku yake nzima, ununue au usinunue. Fundi anayelipwa pale tu gari linaponunuliwa ana sababu ya kukuambia ununue. Ukimpata aliyekwisha kufanya kazi na kabureta pacha, bora zaidi; wengi wa vijana wamelelewa kwenye magari ya kompyuta. Na kabla ya siku hiyo, zunguka Kisekka na Ndeeba, kwenye maduka ya spea, ukiulizia spea tano za gari hilo: pampu ya maji, seti ya klachi, silinda kuu ya breki, beringi za magurudumu, kioo cha mbele. Beringi na klachi mara nyingi utapata au utapatiwa zinazolingana. Kioo cha mbele na taa za nyuma ndivyo vitakavyokuambia ukweli, kwa sababu vikikosekana itabidi viagizwe nje, na kioo hakisafiri vizuri. Gari lenye vioo vyote, nembo zote na vipande vyote vya dashibodi lina thamani kuliko lenye injini mpya na dashibodi ya kubahatisha.

Karatasi

Logibuku iwe ya jina la anayekuuzia, au awe na barua ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili. Hakiki usajili kwenye ofisi husika ya serikali, si kwa nakala ya simu. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: tafuta kwenye daftari la dhamana za mali zinazohamishika, SIMPO, linalosimamiwa na URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili. Mikopo ya kuweka logibuku rehani imeenea, na gari lililowekwa dhamana humfikia mnunuzi pamoja na dhamana hiyo. Likiwa na namba ya Kenya au Tanzania, ama liliingilia Busia, Malaba au Mutukula hivi karibuni, kumbuka lile zuio la miaka 15: taka hati za forodha zinazoonyesha liliruhusiwa kuingia na kodi ililipwa, na uombe polisi wa Interpol wakague kama halijaripotiwa kuibwa.

Andikeni mkataba wenye namba ya chesisi na ya injini, mashahidi wa pande zote mbili, na orodha ya spea zinazokuja na gari, hata zilizo kwenye boksi. Lipa benki. Fomu ya kuhamisha umiliki isainiwe siku hiyohiyo, muuzaji akiwepo, kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ukishalifikisha nyumbani, kazi ya kwanza ni kubadilisha oili, mafuta ya breki na mipira ya petroli. Rangi isubiri.